Mwaka Tuliopima Pumzi ya Udongo

Juma lililopita nilikula mbuzi wa Aristide. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya na cheo cha daktari wa udongo, na wenzake wa darasa walikodi ukumbi Ibanda, hapa Bukavu, wakavisha viti vitambaa vyeupe, wakaalika kila mtu aliyewahi kumshikia hata kalamu. Mimi nilialikwa kwa simu siku mbili kabla, kama mtu anayekumbukwa wakati wa kuhesabu sahani. Aliponiona mlangoni alipaza sauti, “Docteur Sabuni!” akanikumbatia, akawaeleza wageni kwamba mimi ndiye nilikuwa “assistante wangu ya kwanza, kule mu shamba ya tonton, ile udongo ilikuwa imekufa kabisa.” Wageni walicheka kwa adabu. Nami nikatabasamu, maana nimezoea kutabasamu mahali ambapo mtu mwenye akili angegeuka na kuondoka. Nilikula vipande vitatu vya nyama, nikanywa juisi, nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo naandika kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wa sabuni, ukurasa mmoja au nusu, kwa sababu mkono wangu haukimbii. Niliishia darasa la sita la msingi, na sioni tena haja ya kulificha. Udongo ule haukuwa umekufa. Nataka hilo liandikwe mahali fulani, hata kama ni ndani ya daftari la watoto wa shule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba nilipotumwa dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Namna nilivyofika kwa Maman Zawadi ni habari nyingine. Tulikaa naye Nguba, mtaa wa kando ya ziwa, katika annexe, ile nyumba ndogo ya nyuma ambayo wenye villa huwajengea watu wasiotaka kuwaona wakila. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa jiko: mbabula, lile jiko la makala, yaani mkaa, katikati, rafu ya mbao juu yake, na pembeni pipa ambamo tulichemsha mawese na soude, ile dawa kali nyeupe, kupata sabuni ya kuuza. Cha pili kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha moja, na dirishani ungeona matuta matatu ya shamba yakishuka mpaka ziwani. Maharage, lengalenga, mihogo kwa ajili ya sombe, yale majani yake ya kutwanga, na migomba kando ya maji. Maman Zawadi alikuwa amelilima shamba lile miaka kumi na moja. Kila ganda la ndizi, kila jivu la mbabula, kila maji ya kuoshea mchele yalienda kule. Alikuwa akiupa udongo chakula kabla hajala yeye.

Shamba lilikuwa la Papa Déo, mwenye villa. Papa Déo alikuwa mtu wa makaratasi. Ukutani mwa salon yake, juu ya viti vya ngozi ambavyo hajawahi kuvivua plastiki ya dukani, alikuwa ametundika vyeti vyake vyote ndani ya fremu, pamoja na cheti cha semina ya siku mbili kuhusu kutunza maktaba. Kitu kisichokuwa na muhuri alikiona kama hakipo. Mwanzoni mwa mwaka ule alipata mtu aliyetaka kununua mteremko ili ajenge nyumba ya ghorofa, na alitaka kuuza. Lakini Maman Zawadi alikuwa amemlea binti yake alipougua, na mtaa mzima ulilijua hilo, kwa hiyo alihitaji sababu isiyotoka mdomoni mwake. Mpwa wake Aristide, aliyemwita tonton, alikuwa anasoma agronomia na alikuwa anatafuta mahali pa kufanyia TFC, ile kazi ya kumalizia masomo. Papa Déo akaona hapo ndege wawili kwenye mti mmoja. Alituita salon, akatuacha tumesimama.

“Maman Zawadi,” alisema, “mimi siko mutu ya kufukuza batu bule. Tutaacha science iseme. Aristide atapima ile udongo mwaka muzima. Kama iko muzima, utalima mpaka unazeeka. Kama imekufa, utaniachia. Iko juste?”

“Iko juste, Papa,” alijibu Maman Zawadi. Tulipotoka nje akaniambia, “Udongo yangu iko na nguvu kuliko ile mutoto. Usiogope.” Hakuogopa. Mimi niliogopa kwa ajili yetu wawili.

Aristide alikuja Januari na mwenzake Clarisse, msichana wa darasa lake ambaye alikuwa na kucha ndefu na akili kuliko yeye, na alizitunza kucha zaidi. Walileta makopo ya rangi yaliyosafishwa, chupa ndogo za mayonezi, mizani kama ya duka la dhahabu, na mrija wa kioo wenye mistari waliouita burette. Aristide alivaa viatu vya ngozi vya rangi ya kahawa. Alishuka tuta la kwanza, akaangalia tope, akasema kazi ya kuweka makopo anaweza kuifanya mtu yeyote. Mtu yeyote nikawa mimi, nami sikukataa, kwa sababu nilikuwa nimeona anavyokanyaga maharage.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana ndilo jambo zuri la mwaka ule, na sitaki chuki yangu ilifunike. Udongo hupumua. Mizizi na wadudu na uozo uliomo ndani hutoa pumzi ileile tunayotoa sisi, na soude huinywa pumzi hiyo. Unaweka soude iliyoyeyushwa ndani ya chupa, chupa unaisimamisha ardhini, unaifunika kwa kopo lililogeuzwa juu chini, unalikandamiza ili hewa ya nje isiingie. Kesho yake unaitoa chupa, unaitia tone la dawa, maji yanakuwa ya waridi kama kanga mpya. Halafu unadondosha asidi kutoka kwenye burette mpaka uwaridi upotee, na unasoma mistari. Soude iliyokaa bila kunywa kitu huhitaji asidi nyingi kuishinda. Ile iliyokunywa pumzi huhitaji kidogo. Ili kujua tofauti, kopo moja tulilisimamisha ndani ya beseni la plastiki lisilo na udongo, lenye maji kidogo tu ya kuziba ukingo. Chupa ya beseni ukitoa chupa ya shamba, hiyo ndiyo pumzi. Siku ya kwanza Clarisse aliponionyesha uwaridi ukiondoka kwa tone moja tu, nilihisi kama mtu aliyeweka sikio kifuani mwa mtoto aliyelala. Nilikuwa nimeutembelea udongo ule kila siku na sikujua unapumua. Hiyo ndiyo zawadi pekee waliyonipa, na hawakujua kwamba wamenipa.

Nilipewa pia daftari. Aristide hakupenda kuandika akiwa amesimama, na kuketi kwenye kigoda chetu kulimchafua. “Docteur Sabuni, andika,” alisema, nami nikaandika. Aliponiona ninavyochora tarakimu moja moja, alimwambia Clarisse kwa Kifaransa, akidhani sisikii, kwamba huyu akimaliza mstari sisi tutakuwa na wajukuu. Nilisikia. Kifaransa cha kudharau ni rahisi kuelewa, maneno yake ni machache. Lakini niliandika sawasawa, Jumamosi hadi Jumamosi, beseni upande wa kushoto na shamba upande wa kulia. Miezi ile ya mvua beseni lilisoma mistari ishirini na kitu, na shamba lilisoma sita, saba, wakati mwingine tano. Tuta la migomba ndilo lilipumua kama mtu anayepanda ngazi. Clarisse alitazama daftari akasema, “Weye, hii udongo inakula nini?” Maman Zawadi akajibu kutoka jikoni, “Inakula kile weye unaacha mu sahani,” na Clarisse akacheka kweli, kwa mdomo wazi. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona amesahau kucha zake.

Baada ya kupima walikula kwetu. Villa ilikuwa na meza ndefu, lakini Aristide aligundua kwamba sombe ya Maman Zawadi ina mawese mengi kuliko ya shangazi yake, na sambaza wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekaangwa mpaka mifupa inavunjika. Alikula bugali yetu kwa vidole vitano vyote, huku akimweleza Clarisse kuhusu watu wa hali ya chini. “Shida ya ba-paysan ni niveau,” alisema, akichovya. “Mutu analima kama babu yake. Hapimi kitu.” Maman Zawadi aliyekuwa amepima chumvi ya sombe ile kwa kiganja tangu kabla Aristide hajazaliwa alimwongezea samaki. Nilikaa nyuma ya pipa la sabuni nikiangalia taya za kijana yule zikifanya kazi. Mpaka leo mtu akisema neno niveau, yaani kiwango cha elimu, mbele yangu namwona na mawese kidevuni.

Kiangazi kilipoingia pumzi ilipungua, na hiyo ni kawaida, udongo mkavu hulala. Aristide alikuja mara mbili kwa mwezi, kisha mara moja. Mvua ziliporudi Septemba, dari ya depo walimohifadhi vitu ilivuja, naye akahamishia kila kitu jikoni kwetu. Kopo la soude, ile ya punje nyeupe aliyopewa chuoni, aliliweka kwenye rafu juu ya mbabula. Kifuniko chake chekundu alikuwa amekigeuza kuwa kisahani cha majivu ya sigara tangu Juni, na mahali pake alisokota kipande cha gazeti. Pale chini yake maharage yalichemka kuanzia saa sita mpaka jioni, kila siku, na moshi na pumzi ya makala vikapanda moja kwa moja.

Mtu yeyote anayepika sabuni Bukavu anajua soude haiwekwi hivyo. Ukinunua soude unaifunga kwa mifuko miwili, unaiweka mbali na moto, unaifungua pale tu unapoitaka. Ukiisahau wazi hutoka jasho, halafu hukauka ikawa kama unga mweupe. Unga huo ukiupima kwenye mizani ni uzito uleule, lakini nguvu imekwenda, maana umeshakunywa pumzi ya hewa na ya moto mpaka ukashiba. Utachemsha mawese mchana kutwa na yatabaki uji. Sisi tunasema imekufa. Niliona gazeti likitota, nikaona punje zikipoteza mng'ao, nikaona ule unga ukianza kwenye ukingo wa kopo. Niliona yote hayo na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba chuoni labda wana soude ya namna nyingine. Nilijiambia kwamba si kazi yangu. Mtu mwoga hakosi sababu, anazo nyingi kuliko wakili.

Jumamosi ya tatu ya mvua shamba lilisoma mistari minane. Beseni pia lilisoma minane, na kitu kidogo. Aristide alitoa moja kwenye nyingine, akapiga mluzi. “Respiration karibu zéro,” alisema. “Tonton alikuwa na haki. Hii udongo iko inakufa.” Aliandika hivyo kwenye karatasi yake, mvua ikinyesha, na nje ya mlango wetu maharage yalikuwa yamefika magotini. Clarisse alitazama maharage, akatazama karatasi. Halafu akaziangalia kucha zake.

Wiki nne nilikaa na jambo hilo tumboni. Wiki nne, tarakimu zilezile, na mimi nikiziandika kwa mwandiko mzuri. Nimewadharau watu wengi katika habari hii na bado sijamaliza, lakini hakuna ninayemdharau kama yule msichana aliyekuwa anajua na anapiga mstari chini ya tarehe kwa rula. Mwishowe nilimwambia Maman Zawadi, kwa sababu kwake nilikuwa na sauti. Hakuuliza maswali. Alichota kijiko cha soude ya Aristide na kijiko cha soude yetu, akagawa mawese sawa kwenye masufuria mawili, akanipa mwiko. Yetu ilishika kabla ya mchana. Yake tuliikoroga mpaka mikono ikauma, na jioni tukaimwaga kwenye sahani ikatandazika kama uji wa mgonjwa. Maman Zawadi alichovya kidole. “Sasa,” alisema, “weye ndo ulisoma. Umwambie.”

Nilimngoja Aristide Jumamosi mlangoni na sahani mbili mkononi. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu tangu Alhamisi.

“Soude yako imekufa,” nilisema. “Tazama. Hii ni ya kwetu, hii ni ya kwako.”

Alizitazama sahani kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. “Umechukua soude yangu ukapika sabuni?”

“Kijiko moja.”

“Ile ni produit ya laboratoire! Unajua bei yake?” Halafu akacheka, maana Clarisse alikuwa anasikiliza. “Na tena eti imekufa. Soude ni kintu haina roho. Kintu haina roho inakufa namna gani, Docteur Sabuni? Ulisoma mpaka wapi?”

“Sixième.”

“Secondaire?”

“Primaire.”

“Bon,” alisema, na akaingia kuangalia kama sombe imeiva. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiandika kila juma kwamba udongo unakufa. Baadaye Clarisse alinifuata kwenye bomba la maji, akanawa mikono polepole. “Uko na haki,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Na mimi niliona. Lakini TFC ni yake, na siku ya kuidepoza ku chuo iko karibu. Akirudilia, atarudilia mwaka. Unaelewa?” Nilielewa. Alikuwa na ukweli mkononi, akauosha pamoja na sabuni yangu, akajikausha. Nasikia sasa ana ofisi yenye kiyoyozi. Sishangai.

Mwanzoni mwa Desemba Papa Déo aliandaa chakula. Chef de travaux, mwalimu aliyesimamia kazi ya Aristide na ambaye wote walimwita CT, alikuja kuona shamba. Alilionea dirishani. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi na yeye pia alikuwa na viatu. Mezani kulikuwa na samaki mzima wa ziwani, ndizi za kukaanga, wali, na bia kwenye ndoo ya barafu. Maman Zawadi nami tuliitwa tusikie matokeo. Tulipewa viti safari hii, vile vya plastiki vya barazani, vikawekwa karibu na mlango. Aristide alisoma karatasi yake kwa Kifaransa, na Papa Déo, kwa ajili yetu, alitafsiri neno moja tu, “imechoka”, mara nne. Daftari langu lilikuwa mezani, karibu na kachumbari, kama ushahidi. CT aliligeuza kurasa kwa kidole kimoja kilichokuwa safi.

“Data imeandikwa muzuri,” alisema. “Iko propre.”

Sijui nini kilinisimamisha. Nadhani ilikuwa ile sifa. Alikuwa amesifu mwandiko wangu, na mwandiko wangu ndio ulikuwa unatufukuza. Nilisema nikiangalia samaki, kwa sababu samaki ndiye pekee mezani ambaye hakuwa ananitazama vibaya.

“Papa CT. Beseni.”

“Beseni gani, maman?”

“Ile ya kulinganisha. Haina udongo ndani. Mu mvua ya kwanza ilikuwa ishirini, mu mvua hii iko minane. Udongo ilikufa, sawa. Lakini beseni? Beseni nayo ilikufa?”

CT aliweka mwiba wa samaki kando ya sahani. Alirudi kwenye daftari, ukurasa wa Aprili, ukurasa wa Novemba, upande wa kushoto tu. Nilimwona anavyoelewa. Sitasahau sura ile, kwa sababu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi alikuwa mwalimu. Alimtazama Aristide, na Aristide aliangalia glasi yake.

“Swali ya akili,” CT alisema. “Huyu mutoto iko mu promotion gani ya chuo?”

“Hapana, CT,” alisema Aristide haraka. “Iko wa annexe. Anapikaka sabuni. Sixième primaire.”

“Ah,” alisema CT.

Nimeisikia “ah” ile maisha yangu yote kwa namna mbalimbali, benki, hospitali, parokiani, lakini ile ndiyo niliyoiona ikizaliwa. Alichukua tena mwiba wake. “Aristide, utaweka ligne moja kule mwisho, mu limites. Kwamba produit inaweza ikawa iliharibika. Mustari moja inatosha.” Kisha akamgeukia mke wa Papa Déo: “Samaki iko muzuri, maman. Mulimutoa wapi?” Na wote wakaanza kuongea juu ya samaki kwa furaha kubwa, kama watu walioponea ajali.

 Maman Zawadi alingoja mpaka habari ya samaki ikaisha. Halafu akauliza, kwa upole ule anaoutumia kwa wagonjwa, “Papa Déo. Mimi siko najua karatasi. Weye sema na mudomo yako. Udongo imekufa?”

Papa Déo aliangalia vyeti vyake ukutani. “Imekufa, Maman Zawadi. Pole sana.”

“Kabisa?”

“Kabisa. Science imesema.”

“Aksanti, Papa,” alisema, akainuka, akasalimia kila mtu mezani kwa mkono, na tukatoka. Njiani kuelekea annexe nililia. Yeye hakulia. Aliniambia nikoge, niende kwa wamama wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya parokia inayosali nyumba kwa nyumba na kuzika watu wake, niwaambie kuna msiba kwa Maman Zawadi na kila mmoja aje na beseni. Nilitaka kumwambia kwamba nitaona haya. Nilipomtazama usoni niliona kwamba sitaona haya.

Walikuja kesho yake asubuhi, kama thelathini, wamejifunga vitenge vya kilio, na mabeseni kichwani. Walipoelezwa ni nani amekufa hawakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa niliokuwa nawaogopa wana akili kuliko salon nzima. Tulivuna maharage kwanza, yakiwa mabichi. Halafu Maman Zawadi akashika jembe akaanza kwenye tuta la migomba, pale penye udongo mweusi, akakwangua tabaka la juu lenye kina cha kiganja, lile alilolilisha miaka kumi na moja. Tuliujaza kwenye mabeseni, tukapanda nao barabara mpaka kiwanja cha mawe ambacho mmoja wa wamama alikuwa nacho huko juu na hajawahi kuvuna kitu, tukaumwaga, tukarudi. Safari nzima waliimba nyimbo za mazishi, sauti ya pili nyuma, kama inavyotakiwa. Watu wa Nguba walisimama milangoni, wanaume wakavua kofia, wengine wakauliza marehemu alikuwa nani, na tukawaambia. Tulifanya hivyo siku sita. Ule mwaka uliofuata maharage yaliota juu ya yale mawe kwa fujo hata tukakosa mahali pa kukanyaga, lakini hilo lilikuja baadaye, na hakuna aliyelipima.

Siku ya kwanza Papa Déo aliangalia kutoka dirishani. Siku ya pili alitoka mpaka barazani, akauliza, “Maman Zawadi, iko munafanya nini?”

“Tunazika, Papa.”

 Nilikuwa na beseni kichwani na nilimwona anavyolitafuta neno la kutukataza. Udongo wa mtu hauchukuliwi hivi hivi, kila mtu anajua. Lakini angesema nini? Kwamba tunamwibia kitu alichokitangaza maiti mbele ya CT? Aristide alikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa na Kifaransa. Waliingia ndani.

Siku ya sita matuta yote matatu yalikuwa yamebaki udongo wa chini, ule mwekundu mgumu kama tofali. Tulikuwa tunakusanya mabeseni ya mwisho pale mlango wa villa ulipofunguka. Papa Déo alishuka ngazi za nyuma peke yake, na mkononi alikuwa na ndoo ya plastiki ya bluu. Wamama walikatisha wimbo mwishoni mwa ubeti wa kwanza. Alisimama kando ya lundo dogo lililobaki, akakohoa.

“Maman Zawadi,” alisema, taratibu, kama anaomba chumvi, “muniachie kidogo tu. Madame anataka kupanda maua yake hapa ku baraza. Ndoo moja.”

Maman Zawadi alijifuta mikono kwenye kitenge. Alipokea ndoo ile, akaiweka karibu na lundo, akachota jembe limejaa, jeusi, mnyoo mmoja ukining'inia pembeni. Halafu jembe likabaki hewani juu ya ndoo.

“Nitakujazia, Papa, mpaka juu,” alisema. “Weye sema tu mbele ya hawa wamama: iko muzima.”

Papa Déo alitutazama mmoja mmoja. Alitazama dirisha la salon, ambapo pazia lilisogea. Nilidhani atasema, kwa kweli nilidhani. Lilikuwa neno dogo, na maua yalikuwa ya mkewe. Maman Zawadi alingoja, wala hakulishusha jembe. Papa Déo akainama, akachukua ndoo yake tupu, akapanda ngazi, akafunga mlango nyuma yake taratibu sana, na wamama wakashika ubeti wa pili.